Shahada ya Uingereza, hati ya shamba Kianyaga

Ukimwambia mtu wa Kianyaga kwamba mwanao yuko Uingereza akisomea biashara, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni suti. Atamwona kijana ameketi nyuma ya meza kubwa, simu sikioni, akitia sahihi hundi. Baba yangu aliona vivyo hivyo. Wiki mbili kabla ya safari yangu ya Septemba 2024 alinipeleka kwa fundi mmoja pale mjini, nikapimwa mabega na kiuno, nikashonewa suti ya kijivu ya vipande vitatu. Katika mwaka mzima niliokaa kaskazini mwa Uingereza niliivaa mara mbili tu. Vazi nililozoeana nalo lilikuwa ovaroli ya buluu ya wasafishaji wa ofisi.

Lakini nianze na fedha, maana ndizo zilizotangulia.

Karo ni jambo moja. Wazazi wengi huihesabu hiyo na kudhani wamemaliza. Serikali ya Uingereza haitoi viza ya mwanafunzi mpaka uonyeshe kwamba utaweza kula na kulala ukifika. Wakati ule, kwa anayesoma nje ya London, kiwango kilikuwa pauni 1,023 kwa mwezi, kwa miezi 9. Hizo ni pauni 9,207, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Januari 2025 kiwango kilipandishwa hadi pauni 1,136 kwa mwezi. Fedha hizo sharti zilale benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ongeza ada ya viza, ambayo nililipa pauni 490, na ada ya matibabu ya pauni 776 kwa kila mwaka, na safari za Nairobi kupimwa kifua kikuu.

Baba hana mshahara. Ana miti ya kahawa, ng'ombe wa maziwa wawili na ndizi. Alichukua hati ya shamba akaipeleka kwenye sacco. Mjomba akauza fahali. Waumini wakachanga. Fedha zikaingia benki, tukaanza kuhesabu siku kama watu wanaongoja kuku aangue vifaranga.

Siku ya 19 nyanya alilazwa hospitalini. Malipo ya kwanza yalitakiwa jioni hiyo hiyo. Basi familia yenye milioni moja na nusu benki ikaanza kupita nyumba kwa nyumba ikiomba elfu mbili hapa, elfu tatu pale. Mama alisema zile zilikuwa fedha za picha: unaziangalia tu. Nyanya alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile sijaweza kusikia neno "mtaji" bila kukumbuka uso wa Mama akirudi kwa jirani wa nne.

Sikuwa wa kwanza kutoka pande hizi za Mlima Kenya kuvuka bahari kutafuta elimu. Mwai Kibaki wa Othaya alitoka Makerere akaenda London School of Economics katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1959 ndege iliyoandaliwa na juhudi za Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 hadi Marekani, na mwaka uliofuata Wangari Maathai wa Nyeri akaenda Kansas. Wale walipata ufadhili, na vijiji vikawachangia. Harambee bado ipo, ila siku hizi mzigo mkubwa zaidi hubebwa na hati ya shamba.

Nilifika nikiwa na begi moja la nguo na jingine la unga, njahi na majani ya chai. Unga ningeweza kuuacha. Maduka ya Waasia na ya Waafrika unauzwa. Githeri nilipika kwa mahindi na maharagwe ya mkebe, na mwenzangu Mgiriki tuliyeishi naye aliipenda kuliko mimi.

Kilichonishinda mwanzoni hakikuwa baridi. Kilikuwa kusema.

Katika shule za biashara mwalimu hasimami ubaoni akasomesha nanyi mkanakili. Usiku uliotangulia mnapewa kisa cha kampuni fulani, kurasa 15 au 20, chenye hesabu zake na matatizo yake. Mtindo huu ulianzia Harvard, ambako shule ya biashara ilifunguliwa mwaka wa 1908, na sasa umeenea duniani. Asubuhi mwalimu anaingia, anatazama vibao vya majina vilivyo mbele yenu, kisha anauliza: "Ungekuwa wewe ndiye meneja, ungefanya nini?" Halafu ananyamaza. Mchango wako darasani unatiwa alama, na aliyenyamaza muhula mzima huzikosa, hata kama kichwani alikuwa na majibu yote.

Mimi nililelewa kuinua mkono ninapokuwa na hakika, na kumsubiri mkubwa amalize. Wenzangu kutoka India na Nigeria walikuwa wakianza kusema kabla hawajajua sentensi itaishia wapi. Tena mhadhiri alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza, kama mtu uliyechunga naye mbuzi. Sikuweza. Kwa majuma sita nilimwita "sir" na sikusema lingine. Ripoti ya kwanza ya alama zangu za mchango darasani sikuituma nyumbani.

Siku niliyofungua kinywa ilikuwa siku ya kahawa.

Somo lilikuwa mnyororo wa thamani, fikra iliyoelezwa na Michael Porter wa Harvard katika kitabu chake cha mwaka wa 1985: bidhaa hupitia hatua baada ya hatua, na kila hatua huongeza kitu na gharama yake. Ukutani kulikuwa na mchoro. Mkulima alikuwa kisanduku kidogo pembeni kushoto. Kijana mmoja akasema suluhisho ni rahisi, mkulima awaruke madalali auze mwenyewe. Mkono wangu ulijiinua.

Nikawaeleza. Matunda huchumwa yakiwa mekundu na kufikishwa kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo yanaharibika. Kwetu viwanda hivyo ni vya ushirika. Baragwi, kwa mfano, ina vyake kama Karumandi na Muchagara. Kahawa inamenywa, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa juu ya meza na kugeuzwa kwa mikono siku nyingi. Kisha inakwenda kinu cha kukoboa, na nyingi huuzwa kwenye mnada wa Nairobi, siku ya Jumanne. Malipo makubwa humfikia mkulima miezi mingi baada ya kuchuma.

"Sasa hapo katikati anakula nini?" akauliza msichana mmoja kutoka China.

Anakopa, nikamwambia. Darasa likanyamaza. Mhadhiri akaandika ubaoni maneno mawili, mzunguko wa fedha, akaniambia niendelee.

Tukapiga hesabu. Kilo saba hivi za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi, na ikikaangwa hupungua uzani. Kwa hiyo kilo moja ya matunda huacha kama gramu 120 za kahawa iliyokaangwa. Mkahawa ulio chini ya darasa letu ulitumia gramu 18 hivi kwa kikombe. Hivyo ni vikombe sita na ushei. Kikombe kilikuwa pauni 3.50. Vikombe sita ni pauni 21, kama shilingi elfu tatu na mia tano. Baba alikuwa amelipwa shilingi 100 na ushei kwa kilo hiyo, na kwetu hayo tuliyaita malipo mazuri.

Nilikuwa tayari kusema ni wizi, kama tusemavyo tukiwa kwenye foleni ya mizani. Mhadhiri hakuniruhusu. Toa kodi ya nyumba, akasema. Toa mishahara, maziwa, umeme, ushuru, mashine. Tulipomaliza kutoa, mkahawa ulibaki na faida ndogo kuliko nilivyotarajia. Yaliyobaki wazi ni kwamba katika mnyororo ule kila mmoja anaweza kusubiri bei isipokuwa mtu mmoja. Mchuuzi ana akiba, mkaangaji ana ghala, benki ina riba. Tunda jekundu halisubiri hata usiku mmoja. Nilitoka darasani na alama nzuri, na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi.

Sasa nirudi kwenye ovaroli. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa muhula, si zaidi, na akivunja sharti hilo anaweza kupoteza viza. Jambo linalochekesha ni kwamba haruhusiwi kujiajiri. Sisi tuliokwenda kusomea biashara tulikatazwa kufanya biashara! Hata kusuka nywele za mwenzio kwa malipo au kuuza mandazi ni kosa. Aprili 2025 mshahara wa chini ulipanda hadi pauni 12.21 kwa saa. Zidisha kwa 20 upate pauni 244 na senti kwa juma, na chumba pekee kilimeza zaidi ya nusu.

Nilisafisha ofisi za kampuni moja ya fedha, saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili. Desemba nilikwenda gizani na, kwa kuwa jua huko hutua kabla ya saa kumi za jioni, nilirudi gizani. Asubuhi moja mwanafunzi mwenzangu aliingia pale akiwa na suti, amekuja kufanyiwa mahojiano ya kazi. Aliniona na ndoo. Alisimama, akanisalimu kwa jina, akaniuliza tai yake imekaa sawa. Nikamwekea sawa. Hakuwahi kulitaja jambo hilo darasani, nami sikuwahi kumshukuru.

Nyumbani sikuwaambia. Kila Jumapili nilipiga simu. Baba aliuliza masomo, nikajibu mazuri. Aliuliza kazi, nikajibu "ofisini". Haikuwa uongo, na ndiyo sababu ilinitafuna. Mimi nami niliuliza kahawa, akajibu inaendelea vizuri.

Mwishoni mwa Agosti 2025 ilinibidi kuamua. Wakati ule aliyemaliza shahada aliweza kuomba viza ya kubaki miaka miwili akifanya kazi. Nilichukua karatasi nikapanga hesabu kama nilivyofundishwa: ada ya viza pauni 880, ya matibabu pauni 1,035 kwa mwaka, mara mbili. Jumla pauni 2,950, zaidi ya nusu milioni ya shilingi, kabla sijapata kazi yoyote. Upande wa pili wa karatasi nilihitaji kuandika deni la sacco limefika wapi. Sikulijua.

Nikampigia Baba siku ambayo haikuwa Jumapili. Nilimweleza yote: ndoo, saa za alfajiri, alama za muhula wa kwanza. Alikaa kimya kwa muda, nikasikia redio nyuma yake. Kisha akaniambia kwamba malipo ya kahawa yalichelewa, na kwamba ng'ombe mmoja alikuwa ameuzwa tangu Machi ili awamu za mkopo zisikatike. Mama alimkataza kuniambia nisije nikaacha masomo.

"Basi sote wawili ni wafanyabiashara," akasema. "Kila mmoja ameficha hesabu zake."

Tulikaa kwenye simu saa nzima tukipitia tarakimu, yeye na kitabu chake cha sacco, mimi na karatasi yangu. Kuna waliobaki na wamefanikiwa, siwalaumu hata kidogo. Kwetu sisi hesabu haikuruhusu kukopa tena ili kutafuta kazi. Nilirudi Oktoba, wakati wa kuchuma, na wiki tatu za kwanza nilikuwa kwenye miti na kikapu kiunoni, shahada ikiwa sandukuni.

Sasa nafanya kazi Nairobi katika kampuni inayouza kahawa nje. Mshahara ni mdogo kuliko wa yule mwenzangu wa tai. Kila mwisho wa mwezi sehemu yake huenda sacco moja kwa moja, na hati bado iko kwao. Suti naivaa kila Jumatatu. Imeanza kung'aa viwikoni. Na kila Jumanne, mnada ukiisha, simu yangu hulia kabla sijafika mezani. Ni Baba. Hanisalimu kwanza siku hiyo.

"Leo imekwenda ngapi?"