Kabla ya kujenga tanuri la samaki, pima samaki wako

Mama mmoja anayefanya biashara ya samaki wa kubanika huko visiwani, Ziwa Viktoria, alifika kwetu akiwa na kikohozi cha miezi minne. Nyumbani walikwisha kuamini kuwa ni kifua kikuu, na tayari walikuwa wamemtengea kikombe chake peke yake. Makohozi yalipimwa, hayakuwa na vimelea. Picha ya kifua nayo haikuonyesha kifua kikuu. Sigara hajavuta maishani mwake. Nilipomwuliza kazi yake alijibu, "Mimi sina kazi, Sista, nabanika samaki tu." Tangu lini? "Tangu huyu," akasema, akimwonyesha binti yake aliyemsindikiza, ambaye naye alikuwa amebeba mtoto mgongoni.

Ndugu msomaji, moshi wa kuni haushii kwenye kutia machozi. Ndani yake mna chembe ndogo mno ambazo pua haiwezi kuzizuia, nazo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mna hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi. Mna pia ile lami nyeusi unayoiona imeganda kwenye dari ya jiko. Anayevuta moshi huo kila siku kwa miaka mingi, njia zake za hewa huvimba, hujaa makohozi, na mwishowe hubana zisiweze tena kufunguka vizuri. Watoto wadogo ndio wanaoumia upesi zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa nyumbani huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata maambukizo ya mapafu kama nimonia. Yule mjukuu mgongoni alikuwa akivuta hewa ile ile anayovuta bibi yake.

Kumwambia mama huyu "acha moshi" ni rahisi kwangu niliyekaa ofisini. Lakini ada ya shule ya watoto wake inatoka kwenye samaki hao hao. Kwa hiyo nilimwomba anieleze chombo anachotumia kilivyo, na hapo ndipo nilipoona shida ilipoanzia.

Pipa na beseni

Fundi alimkatia pipa la lita 200, akatoboa mlango wa moto chini na kuweka wavu juu. Kwa mwenye samaki kumi ni chombo kizuri, wala sikilaumu. Ila mama huyu hununua beseni la sato 40 kwa mara moja. Tulifanya hesabu pamoja nyuma ya karatasi ya dawa.

Sato wa gramu 300, akipasuliwa mgongoni na kufunuliwa, anahitaji kama sentimeta 20 kwa 26, ukihesabu na nafasi ya kidole pembeni ili moshi upite. Mdomo wa pipa una upana wa sentimeta 57 hivi, tena ni duara, na duara halina pembe za kuweka samaki. Wanaenea wanne. Ukipanga nyavu tatu, moja juu ya nyingine, ni samaki 12. Basi sato 40 wanataka zamu nne, na kila zamu huchukua saa 2 hadi 4 mpaka samaki aive, bado hujaanza kumkausha. Hizo ni saa 8 hadi 16 za kuinamia moto, huku samaki wa zamu ya mwisho wakingoja kwenye beseni na joto lote lile, wakianza kuharibika.

Alifanya nini? Alifanya ambalo mtu yeyote angefanya: aliwabana. Aliwapandanisha mmoja juu ya mwenzake ili amalize kwa zamu mbili. Samaki wakibanana, moshi hauna pa kupandia, nao hurudi chini na kutoka kwa mlango wa moto, usoni kwa yule aliyeinama kupuliza. Samaki wenyewe huungua nje na kubaki wabichi ndani. Mapafu yake na biashara yake viliharibiwa na kosa moja, yaani chombo kilichotafutwa kabla ya kupima kazi yake.

Chanja kwanza, kuta baadaye

Wanawake wa Chorkor, mtaa wa wavuvi katika jiji la Accra nchini Ghana, walikuwa na shida hiyo hiyo ya mapipa na matanuri ya duara. Kuanzia mwaka 1969 walishirikiana na watafiti wa chakula wa nchi yao pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), wakapata tanuri la pembe nne lenye chanja za mbao na waya zinazopangwa moja juu ya nyingine. Uzuri wake ni kwamba chanja zikipangana zinakuwa zenyewe dohani, moshi unapanda katikati yao na kutokea juu. Tanuri hilo limeenea nchi nyingi za Afrika, nalo halihitaji fundi wa mjini.

Kwa beseni la sato 40 tulipiga hesabu hivi. Chanja yenye nafasi ya ndani ya sentimeta 80 kwa 80 inaenea samaki wanne upande mmoja na watatu upande wa pili, jumla 12. Chanja nne ni samaki 48, kwa hiyo 40 wanaingia wote kwa zamu moja bila kubanana. Fremu iwe ya mbao za upana wa sentimeta 5 na kimo cha 7, ili samaki wa chini asiguse wavu wa juu. Nje ya fremu, basi, ni sentimeta 90 kwa 90.

Sasa ndipo kuta. Nafasi ya ndani ya tanuri iwe sentimeta 78 kwa 78, pungufu kidogo kuliko nafasi ya chanja, ili mbao za fremu zikae juu ya ukuta na zisining'inie juu ya moto. Akina mama wengi huniambia chanja zao zimeungua mwezi wa kwanza, na sababu huwa ni hiyo. Ukuta ukiwa na unene wa sentimeta 12, tanuri zima kwa nje ni sentimeta 102 kila upande. Kimo kutoka chini hadi chanja ya kwanza kiwe sentimeta 65. Ukiweka karibu zaidi, samaki wanachomwa badala ya kubanikwa. Ukiweka mbali zaidi, utakula kuni bure. Mlango wa moto, mmoja tu, upana 35 na kimo 30, uwe na kipande cha chuma cha kuufunika unapotaka moto upungue. Chanja zote zikipangwa, ya juu kabisa iko chini kidogo ya mita moja, kwa hiyo mtu anafanya kazi amesimama wima.

Jenga kwa tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Saruji hupasuka kwa joto. Juu funika kwa ubao.

Jambo moja la kuongeza, hasa kwa wanaobanika sangara, ambaye ana mafuta mengi. Mafuta yakidondokea kwenye makaa hutoa moshi mzito wenye kemikali iitwayo benzopireni, ambayo imethibitishwa kuwa inasababisha saratani. Mwaka 2008 FAO na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegali, walitengeneza tanuri lenye sehemu ya kukusanya mafuta hayo. Nyumbani unaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa bamba la chuma la sentimeta 50 kwa 50, lililokunjwa kingo, likalazwa juu ya nondo mbili zilizopita ukutani sentimeta 25 chini ya chanja ya kwanza. Moshi na joto vitapita pembeni. Bamba lifutwe kwa majivu kila baada ya kazi, maana mafuta yaliyolundikana hushika moto.

Vyuma na kuni vya kuogopa

Atakayebaki na pipa kwa sababu samaki wake ni wachache, aulize kwanza pipa lilibeba nini. Lililobeba dawa ya mimea au kemikali za kiwandani halifai kwa chakula hata ukilichoma na kulisugua mara kumi. Lililobeba petroli linaweza kulipuka fundi anapolikata kwa moto, hata likionekana tupu, kwa kuwa mvuke umebaki ndani. Rangi ya ndani ichomwe yote nje ya nyumba kabla samaki wa kwanza hajawekwa. Bamba lile nalo liwe la chuma cheusi, lisiwe kipande cha bati la kuezekea, maana madini ya zinki yaliyopakwa kwenye bati hutoa moshi wa kuleta homa yakipata moto mkali.

Kuni ziwe ngumu na kavu. Mgunga, mpera na mchungwa ni nzuri. Misonobari ina utomvu unaoacha masizi machungu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki na matairi visiguse tanuri la chakula. Mnyaa, ule wa kwenye ua wa nyumba, usiukate wala kuuchoma: maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha, na moshi wake unawasha.

Mahali penyewe pawe nje, chini ya paa la bati lililosimama juu ya nguzo bila kuta, mbali na nyumba za nyasi. Karibu na ziwa upepo wa mchana hutoka majini na wa usiku hutoka nchi kavu. Basi mlango wa moto uelekee ubavuni, usitazame ziwa wala kulipa mgongo, nawe simama upande upepo unakotokea. Mtoto asiwe mgongoni. Akiungua mtu, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha aletwe. Dawa ya meno na majivu tunavisugua wodini kwa machozi ya mtoto, tafadhali msivipake.

Samaki ameiva?

Mfungue pale penye nyama nene karibu na mfupa. Nyama iwe nyeupe, si ya kung'aa kama kioo, na iachane na mfupa bila kuvutwa. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 ndani ya nyama, zikae nusu saa. Samaki wa namna hiyo bado ana maji mengi, aliwe siku hiyo au kesho yake. Wa kuweka akiba au kusafirisha anahitaji moto mdogo kwa saa 10 hadi 18, pengine zaidi, mpaka awe mkavu hasa, na chanja zibadilishwe nafasi mara kwa mara. Kilo tatu za samaki wabichi hubaki kama kilo moja.

Apoe kabisa kabla ya kufungwa. Tumia kikapu au karatasi, usitumie mfuko wa plastiki uliofungwa, maana humtoa jasho na kuleta ukungu. Wadudu wakiingia, mrudishe kwenye moto. Kumpulizia dawa ya kuua wadudu, kama nilivyosikia baadhi ya watu wanafanya, ni kumlisha mnunuzi sumu.

Mama yule alirudi baada ya miezi mitatu, tanuri likiwa limejengwa na mwanawe. Kikohozi kimepungua, hakijaisha, na nilimwambia wazi kwamba mapafu yaliyokwisha kuumia hayarudi yote. Hakukaa sana kwenye habari hiyo. Alitaka kujua kama anaweza kuongeza chanja ya tano. Anaweza, mradi katika saa mbili za kwanza aishushe ya juu na kupandisha ya chini, kwa sababu joto linalofika chanja ya tano linakausha lakini haliivishi.