Mbele ya kuhesabu pointi, tuulize: tunahesabu nini?

Ku mine hakuna mutu wa kutufundisha maana ya hesabu. Ekipe inashuka, inatosha mawe, mwisho wa mwezi prime inatoka. Lakini prime ya nini? Kama wanahesabu mabogi tu, kila mutu atakimbilia mabogi, na mwenye alipitisha saa mbili akisimamisha miti ili galeri isianguke ataonekana kama hakufanya kitu. Kama wanahesabu siku bila aksida, siku hizo zitaongezeka kweli, lakini pengine ni kwa sababu mwenye ameumia kidole amenyamaza, asiharibishe prime ya wenzake. Kitu chenye kinahesabiwa, njo watu wanafanyaka.

Leo tutaangalia jambo hilo kupitia muchezo mumoja wa Marekani. Kule watu wanabishana juu yake tangu zaidi ya miaka 40, na mabishano yao yanatugusa siye pia.

Muchezo ni huu. Mbele ya musimu wa besiboli, marafiki wanakutana, na kila mumoja ananunua wachezaji wa kweli wa ligi kubwa, mpaka anakuwa na ekipe yake ya ku karatasi. Kwa kanuni yenye inajulikana zaidi, kila mutu anakuwa na dola 260 za kugawanya kwa wachezaji 23. Kisha wanafuata machi. Muchezaji akifanya vizuri mu uwanja, mwenye alimununua anapanda. Mwandishi wa habari Daniel Okrent na marafiki wake wa New York ndio walianzisha muchezo wa namna hiyo mu 1980. Walikuwa wanakutanaka ku restora yenye jina la Kifaransa, La Rôtisserie Française, na mpaka leo muchezo ule unaitwa Rotisserie.

Kwa mwenye hajaona besiboli: mutupaji anarusha mupira, mupigaji wa ekipe ingine anaupiga kwa fimbo na kukimbia. Akizunguka vituo vine na kurudia penye alianzia, ekipe yake imepata mbio moja. Kwetu tungesema goli.

Okrent na wenzake walichagua hesabu 8. Kwa wapigaji: ni mara ngapi mutu anapiga vizuri, mipira mingapi anapeleka mpaka inje ya uwanja, mbio ngapi anaingizisha, vituo vingapi anaiba kwa kukimbia. Kwa watupaji: machi zenye wanashinda, machi zenye wanaingia ku mwisho kulinda ushindi, mbio zenye wanaacha zipite, na watu wenye wanaacha wafike ku vituo. Nyuma waliongeza 2: mbio zenye mupigaji anakimbia yeye mwenyewe, na wapigaji wenye mutupaji anatosha peke yake kwa mitupo yake. Kama ekipe ni 10, wa kwanza mu kila hesabu anapata pointi 10, wa mwisho 1. Unajumulisha, mambo imekwisha.

Lakini hapana, haijakwisha. Makelele inaanzia pale.

Angalia mutupaji Jacob deGrom wa New York Mets mu 2018. Kwa kila machi nzima ya zamu 9, aliacha mbio 1,70 tu zipite. Ni kidogo sana. Lakini wenzake hawakumufungia magoli, tuseme hivyo, na ku karatasi akaandikiwa machi 10 za kushinda na 9 za kupoteza. Mwaka ule ule Jon Lester wa Chicago Cubs aliacha mbio 3,32, karibu mara mbili. Yeye akaandikiwa 18 za kushinda, 6 za kupoteza. Kwa hesabu ya ushindi, Lester anamupita deGrom mbali. Wenye kuchagua mutupaji bora wa ligi hawakufuata hesabu hiyo: kati ya kura 30, deGrom alipata 29 za nafasi ya kwanza. Njo maana ligi mingi za marafiki ziliacha ushindi. Fasi yake wanahesabu kama mutupaji alifikisha zamu 6 bila kuacha zaidi ya mbio 3 kwa makosa yake.

Kwa wapigaji ni vile vile. Mutupaji akirusha mara 4 vibaya, mupigaji mwenye kuvumilia anapewa kituo cha bule. Hesabu ya zamani haioni uvumilivu huo. Mu 2015, Joey Votto wa Cincinnati alipewa vituo vya bule mara 143. Hesabu ya zamani ilimupatia 314 juu ya 1.000, yenye inahesabu kila mara yenye alifika ku kituo ilimupatia 459. Mutu ni ule ule, kazi ni ile ile.

Tena kuko kosa ingine: kuhesabu kitu kimoja mara mingi. Mupigaji akipeleka mupira inje ya uwanja, anapanda mu hesabu 4 kwa mupigo mumoja. Mwenye anadaka vizuri na kuzuia ya wengine, mu hesabu zile 10 hapati hata moja. Vijana wenye wanacheza kwa telefone muchezo kama huo wa mupira wa Uingereza wanajua shida hiyo. Tangu musimu wa 2025-2026, beki mwenye anafikisha mara 10 za kuzuia, kunyanganya na kuondosha mupira mu machi moja anapata pointi 2. Mbele ya pale kazi hiyo ilikuwa ya bule.

Basi kama munataka kuanzisha ligi, ya besiboli ao ya mupira, muulizane maulizo matatu. Hesabu hii iko mu mikono ya muchezaji mwenyewe, ao inategemea wengine? Haijahesabiwa tayari fasi ingine? Na wote wamekubali mbele ya kununua wachezaji? Hesabu yenye inabadilishwa ku katikati ya musimu inavunja ligi kuliko mutu kushindwa.

Na siku shefu anakuja na karatasi mupya ya prime, maulizo hayo matatu yatafaa vile vile. Uliza pia la ine: mwenye kusimamisha miti ameandikwa wapi?