Tairi nzuri humfaa dereva wa Kayole kuliko gari refu

MVUA ya masika inapoingia jijini Nairobi, madereva wa Kayole huanza kuzungumzia habari ya magari marefu. Aliye na gari dogo hutamani kuliinua, naye mwenye uwezo hufikiria kuliuza na kununua lililo juu zaidi, kwa imani kuwa urefu ndio dawa ya matope na mafuriko.

Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi huamua kama gari litakwaruza. Lakini ni tairi zinazoamua kama litasonga, litapinda kona na, muhimu zaidi, litasimama.

Tatizo lenyewe huanzia ardhini. Tofauti na upande wa magharibi wa jiji wenye udongo mwekundu, sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wajenzi huuita blakikotoni. Udongo huo hufura unaponyonya maji na kupasuka nyufa unapokauka. Barabara iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha huvunjwa kutoka chini, ndiposa shimo lililozibwa mwaka huu huchipuka tena mwaka ujao.

Katika vichochoro visivyo na lami, udongo huo ni mtego wa aina nyingine. Hujaa katika mifereji ya tairi na kugandamana humo. Baada ya mizunguko michache, hata tairi mpya huwa laini kama kipara, na gari huteleza hadi mtaroni. Jina la Matopeni, mojawapo ya sehemu za eneo hilo, halihitaji kufafanuliwa.

Urefu wa gari una kazi yake. Toyota Vitz huwa na nafasi ya takriban milimita 140 kutoka ardhini, Toyota Fielder yapata milimita 155, nayo Subaru Forester ya miaka ya karibuni hufikia milimita 220 hivi. Tofauti ya sentimita 8 yatosha kuokoa kasha la mafuta ya injini lisipasuliwe na jiwe, au bomba la moshi lising'olewe na kingo za shimo lililofichwa na maji.

Hata hivyo, vipimo hivyo ni vya gari tupu. Abiria wanne na magunia mawili ya viazi wakiingia, springi hubonyea na tumbo kushuka. Dereva wa teksi anayevuka shimo vizuri asubuhi akiwa peke yake aweza kukwaruza hapo hapo jioni akiwa na wateja.

Ndipo wengi hukimbilia kwa mafundi wa jua kali ili gari liinuliwe kwa vipande vya chuma au raba vinavyowekwa kwenye springi. Kazi hiyo huonekana rahisi, lakini ina gharama iliyofichika. Uzito wa gari hupanda juu, na gari huyumba zaidi linapokata kona au kumkwepa mwendeshaji wa bodaboda. Shafti za mbele nazo hulazimika kuzunguka kwa pembe zisizokusudiwa na watengenezaji, na viungo vyake huchakaa upesi.

Wapo pia wanaobadilisha tairi na kuweka kubwa zaidi. Hesabu yaonyesha faida ni ndogo. Ukiondoa tairi ya 175/65R14 na kuweka ya 175/70R14, kipenyo huongezeka kwa milimita 17.5. Gari hupanda kwa nusu ya kiasi hicho tu, yaani chini ya sentimita moja, huku mita ya kasi ikianza kuonyesha mwendo ulio chini ya mwendo halisi kwa asilimia 3.

Fedha hizo zingefanya kazi bora kama zingetumika kununua tairi zenye meno. Tairi mpya ya gari dogo kwa kawaida huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Kazi ya mifereji hiyo ni kuyapitisha maji ili raba iguse lami. Mifereji ikiisha, maji hukosa njia, tairi hupanda juu yake na usukani huwa mwepesi ghafla. Wakati huo breki hazina maana.

Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vya raba vilivyowekwa na mtengenezaji. Meno yakilika hadi kulingana na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na tairi hiyo imekwisha. Lakini uwezo wa kupitisha maji hupungua mapema zaidi, ndiyo maana wataalamu wengi hushauri tairi zibadilishwe zikifika milimita 3 kwa anayeendesha katika mvua.

Umri nao ni muhimu. Ubavuni mwa tairi huwa pameandikwa tarakimu nne ambazo wanunuzi wengi hawazitazami. Tairi yenye 2319, kwa mfano, ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Raba iliyozeeka hukakamaa na kupoteza mshiko hata kama meno bado ni marefu.

Kuna kasoro nyingine ambayo huja kwa meli. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayotoka Japani hufika yakiwa na tairi za theluji. Hutambulika kwa neno STUDLESS, au kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Raba yake imelainishwa kwa makusudi ili isikakamae kwenye baridi, hasa halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7. Nairobi haina baridi ya namna hiyo mchana. Kwenye lami yenye joto tairi hizo hulika haraka, na lami ikilowa hushika vibaya kuliko tairi za kawaida. Mnunuzi huziona zina meno marefu na kufurahi, kumbe amenunua viatu vya nchi nyingine.

Upepo wa tairi hauna gharama kubwa, ila hupuuzwa. Tairi yenye upepo pungufu hupanda juu ya maji kwa kasi ndogo zaidi. Ni kweli kuwa kupunguza upepo kidogo husaidia gari lililokwama matopeni, kwa kuwa tairi hutanuka na kugusa eneo kubwa. Lakini ni lazima upepo urejeshwe kabla ya kuingia Spine Road au Kangundo Road.

Yote hayo yana mpaka, na mpaka huo ni maji yanayokwenda kasi. Gari lenye tumbo la mita 4 za mraba likizama sentimita 20 juu ya tumbo hilo husukuma lita 800 za maji, nayo maji hulisukuma juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 800. Gari dogo lina kilo 1,000 hivi. Tairi hubaki zikibeba kilo 200 pekee, na mkondo wa kawaida watosha kulipeleka gari mtoni.

Gari refu huchelewesha hali hiyo tu, haliizuii. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na Mto Enziu katika Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Tumbo la basi lile lilikuwa juu kuliko la gari lolote dogo linaloegeshwa Kayole. Katika mafuriko ya masika ya 2024, Kenya ilipoteza karibu watu 300.

Hata asiyesombwa aweza kupata hasara. Mdomo wa kuvutia hewa katika magari mengi madogo uko chini kuliko wenye magari wanavyodhani. Maji yakiingia ndani ya silinda hayabonyezeki kama hewa, na vyuma vya pistoni hupinda. Gari likizima majini lisiwashwe tena, bali livutwe. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo wengi huimudu, haimfidii mwenye gari kwa injini iliyoharibika hivyo.

Kwa mwenye fedha chache, basi, mpangilio ni huu: kwanza tairi zenye meno na umri unaofaa, pili upepo sahihi kila wiki, tatu springi na shokomzoba zilizo imara ili gari lirejee katika kimo chake cha asili. Kuliinua kuje mwisho, kama ni lazima. Na pale maji yanapovuka barabara kwa kasi na lami haionekani, dereva arudi alikotoka, awe na Vitz au basi.