Th: Sauti ndogo inayowatoa wengi jasho

MWAMBIE mtoto aliye karibu nawe aseme haraka haraka: "Thamani ya samani za zamani." Ikiwa maneno hayo matatu yatamtoka kama neno moja lililorudiwa, usimcheke. Sauti ya th, pamoja na pacha wake dh, imewashinda wengi duniani, wakiwemo watu wazima waliosoma wakahitimu.

Lugha zenye sauti hizi ni chache mno, chini ya moja katika kila kumi. Kiingereza kinazo, Kiarabu, Kigiriki na Kiswahili pia. Hata hivyo, watoto wa Waingereza wenyewe huchelewa kuzipata, na London wapo wengi wanaozeeka wakitamka f mahali pa th. Mfaransa anayejifunza Kiingereza naye huishia kwenye s au z.

Mfalme mwenye kithembe

Nchini Uhispania, herufi z hutamkwa th katika sehemu nyingi, ilhali Mexico na nchi nyingine za Amerika zinazozungumza Kihispania husema s. Watu hupenda kusimulia kwamba palikuwa na mfalme mwenye kithembe, na watumishi wake wakamwiga ili asione haya. Wataalamu wameikataa hadithi hiyo. Kama ingekuwa kweli, kila s ingeharibika, lakini Wahispania hao hao hutamka s yao vizuri katika maneno mengine.

Kiswahili kilipata maneno mengi ya th na dh kutoka kwa Kiarabu. Chukua dhahabu, dhuluma na Ramadhani. Katika Kiarabu, dh hizo tatu ni herufi tatu tofauti, lakini Mswahili alizitia zote katika chungu kimoja. Waarabu nao hawako sawa. Tatu kwa Kiarabu sanifu ni "thalatha", lakini mtu wa Cairo atakwambia "talata".

Hapa kwetu Kenya mambo yana sura nyingine. Kikuyu kina sauti ya dh, lakini huiandika th. Ndiyo sababu wenyewe hutamka Thika na Gathoni kwa dh. Mtoto aliyezoea hivyo akikutana na "thelathini" kitabuni, huenda akasoma "dheladhini". Mjaluo pia huandika th na dh. Wengine ambao lugha zao hazina sauti hizi hukimbilia s na kusema "selasini".

Wakati mwingine kosa hushinda. Wazazi watakumbuka sumuni, ile sarafu ya senti hamsini. Asili yake ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, lakini wengi waliitumia sumuni maisha yao yote bila kujua kwamba paliwahi kuwa na th.

Ni mazoea tu

Lakini msikilize kijana wa Nairobi akiitaja noti ya shilingi elfu moja. Huiita "thao", na th yake haina kasoro, awe ametoka kabila gani. Basi tatizo si ulimi. Ni mazoea.

Jambo hili lina uzito shuleni. Mtoto huandika anavyotamka. Katika imla akiandika "samani ya nyumba", mwalimu atajuaje kama anazungumzia bei au viti na meza? Na akichekwa mbele ya wenzake, atakachojifunza ni kunyamaza.

Nyumbani, msimamishe mbele ya kioo. Mwambie aseme s, kisha asogeze ncha ya ulimi mpaka ionekane kidogo kati ya meno, huku pumzi ikiendelea kupenya. Hiyo ndiyo th. Sasa aweke vidole kooni na kutia sauti mpaka asikie koo likitetema. Hiyo ni dh. Halafu ajaribu maneno mawili mawili: thamani na samani, dhana na zana.

Fanyeni hivyo dakika chache kila jioni, nawe mzazi ukichukua zamu yako mbele ya kioo. Huenda ukagundua kwamba mwanafunzi wa kwanza kusahihishwa ni wewe.