Makofi ya Jukwaani na Makofi ya Nyumbani

Wengi wetu tulimsikia Tina Turner redioni tukiwa bado wasichana. Tuliipenda sauti yake yenye mikwaruzo na nguvu, wala hatukujua alipitia nini ili sauti hiyo itufikie.

Mwezi wa Aprili 2018, maisha yake yalipandishwa jukwaani katika ukumbi wa Aldwych, mjini London. Mchezo huo wa kuigiza na kuimba, uitwao Tina, uliandikwa na Katori Hall, mwanamke Mmarekani mweusi aliyezaliwa Memphis, pamoja na waandishi wawili wa Kiholanzi. Novemba 2019 ulifika Broadway, New York. Adrienne Warren, aliyeigiza nafasi ya Tina katika miji yote miwili, alipewa tuzo ya Tony mwaka 2021. Tina mwenyewe alishiriki katika kuutayarisha.

Nyimbo zake nyingi kubwa zimo, na watazamaji walitoka ukumbini wakicheza. Lakini sisi akina mama tunao wajibu wa kuutazama kwa jicho jingine.

Tina alizaliwa Novemba 26, 1939, katika jimbo la Tennessee, akaitwa Anna Mae Bullock. Alikulia Nutbush, kijiji cha wakulima wa pamba, na aliimba kwaya katika kanisa la Kibaptisti. Mchezo unamwonyesha akiwa mtoto, wazazi wake wakigombana na mama yake akipigwa. Kisha mama anaondoka na kumwacha, na bibi anabaki kumlea. Tuzingatie hapo, mama mwenzetu. Kabla binti huyu hajafahamiana na mwanamume yeyote, alikwisha kujifunza nyumbani kwao kwamba mke hupigwa.

Alipohamia St. Louis alifanya kazi hospitalini akiwasaidia wauguzi. Huko alikutana na Ike Turner, kiongozi wa bendi. Mwaka 1960 walitoa wimbo wao wa kwanza uliovuma, na Ike akampa jina la Tina Turner. Mwaka 1962 walifunga ndoa. Kipigo kilidumu kwa miaka mingi. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1986, Tina alieleza jinsi alivyopanda jukwaani akiwa na majeraha. Mwaka 1968 alikata tamaa hata akajaribu kujiua. Watu ukumbini walimpigia makofi, wasijue kwamba nyumbani alipigwa makofi ya namna nyingine.

Kwetu sisi wauguzi habari hii si ngeni. Mama anakuja na jicho lililovimba, anasema amejigonga mlangoni. Chini ya jeraha jipya kuna alama ya zamani. Mume amekaa pembeni, na kila swali analijibu yeye. Mtoto waliyekuja naye anatazama sakafu, kimya. Huyo mtoto ndiye Anna Mae.

Julai 1976, mjini Dallas, Tina alimtoroka Ike usiku. Mfukoni alikuwa na senti 36 tu. Alivuka barabara kuu kwa miguu, akaingia katika hoteli na kuomba chumba, na meneja akampokea. Talaka ilipokamilika mwaka 1978, jambo kubwa alilobaki nalo lilikuwa jina lake la jukwaani. Alikuwa na wavulana wanne na madeni ya maonyesho yaliyovunjika, akaimba katika kumbi ndogo ili aishi. Mwaka 1984, akiwa na miaka 44, albamu yake Private Dancer ilimrudisha kileleni. Alifariki dunia Mei 24, 2023, nchini Uswisi, akiwa na miaka 83.

Mwisho wa mchezo ni wa shangwe, nasi tunaufurahia. Hata hivyo, si kila dada anayepigwa ana sauti ya kujaza viwanja. Wengi wakitoka hawangojwi na jukwaa wala tuzo. Wanahitaji kile alichokipata Tina usiku ule: mtu wa kuwafungulia mlango.

Twajua wengi huambiwa wavumilie ili ndoa isiaibike. Lakini heshima ya ndoa hailindwi kwa kuficha majeraha. Dada, ukipigwa, nenda hospitali na useme ukweli, maana kile kinachoandikwa katika cheti chako kinaweza kukusaidia baadaye. Pigo la kichwani linalofuatwa na kutapika au kizunguzungu, na pigo lolote la tumboni kwa mjamzito, lisingoje asubuhi. Nauli kidogo na kadi za kliniki za watoto ziweke kwa mtu unayemwamini. Toa taarifa mapema kwa polisi, kwa ustawi wa jamii, au kwa mtu mzima asiye na mdomo mwepesi.

Na wewe ambaye nyumba yako ina amani, usijione kwamba habari hii haikuhusu. Usiku mmoja jirani atabisha hodi, kanga begani, mtoto mkononi. Je, utaanza kumwuliza alimkosea nini mumewe, au utamfungulia kwanza?