Njia ya Rabai Haimo Kitabuni

Kwa muda wa miaka 22 nimesimama mbele ya ubao katika shule moja ya upili huku Changamwe, nikifundisha kwamba Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka wa 1844, kwamba Johannes Rebmann alimfuata mwaka wa 1846, na kwamba mwaka uo huo wote wawili walihamia Rabai. Wanafunzi huandika, hukariri, hupata alama zao na kwenda zao. Ndugu msomaji, katika muda wote huo sikuwahi kuikanyaga njia hiyo kwa miguu yangu. Rabai nimepita mara nyingi ndani ya gari nikielekea Kaloleni maziko. Hukitazama kibao cha makumbusho dirishani, kisha mazungumzo ya garini yakaendelea.

Muhula uliopita msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alinyosha mkono. Ni mtoto asiyesema sana, na aghalabu watoto wa namna hiyo ndio humtia mwalimu mashakani. Akasema: "Mwalimu, Krapf alikwenda kwa mashua, kisha akapanda mlima akiwa na homa. Hayo tumeyaandika. Na wale watumwa waliotoroka wakakimbilia Rabai, wao walipita wapi?"

Nikamwambia kwamba jambo hilo tutalitazama wiki ijayo. Hilo ni jibu ambalo kila mwalimu analijua maana yake, na wanafunzi pia wanalijua.

Wiki hiyo ijayo ilipokuja, niliona haya kuingia darasani mikono mitupu. Nikatoa shauri kwamba likizo ya Agosti tupande matatu hadi Rabai, kisha tuteremke kwa miguu mpaka pwani ya Jomvu Kuu. Nilipolipeleka shauri hilo kwa wakubwa, niliulizwa swali moja tu: je, safari hiyo itatahiniwa? Sikulaumu. Mwalimu mkuu naye ana wakubwa wake, na hao huhesabu gredi, hawahesabu nyayo. Hata hivyo ruhusa ilitoka, wazazi wakatia saini, na asubuhi ya Jumamosi wakafika wanafunzi 11, mwenzangu anayefundisha Jiografia, na mimi.

Tuliuchagua msimu wa kipupwe kwa makusudi. Mgeni aijuaye Mombasa ya Februari hawezi kusadiki kwamba kuna siku za mwaka ambapo mtu wa pwani huvaa fulana nzito alfajiri. Mwezi wa Agosti kusi huvuma kutoka baharini, mawingu hupita upesi yakidondosha manyunyu, na jua la adhuhuri halichomi. Siku kama hiyo hata mwalimu wa umri wangu aweza kutembea kilomita 12 asidai kupumzika kila baada ya mnazi mmoja.

Vilima vya Rabai si milima. Havifiki hata mita 300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Taita au wa Meru angetucheka akisikia tumeviita milima. Lakini simama kando ya kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa katika miaka ya 1880, utazame mashariki, nawe utafahamu kwa nini mahali hapa palipendwa. Mbele yako ardhi inashuka ngazi kwa ngazi, minazi, mikorosho, mashamba ya mihogo. Kisha unatokea utando wa maji uliopinda, ndio kihori cha Tudor, na nyuma yake kisiwa chenyewe na bahari kuu. Atokaye pwani huonekana angali mbali.

Tukazitazama nyumba za Krapf na Rebmann. Nikawaeleza kwamba walipokwea hapa Agosti ya 1846 wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, na kwamba miaka miwili kabla ya hapo Krapf alikwisha kuwazika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande wa Kisauni, karibu na Nyali. Rebmann alikaa hadi 1875, akaondoka akiwa haoni tena. Krapf alitangulia kuondoka, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hayo yote wanafunzi waliyasikiliza kwa adabu. Walikuwa wameyasikia.

Waliinua vichwa nilipowaambia habari za Mchungaji William Jones. Huyu alikuwa Mwafrika aliyetiwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kupelekwa India, akasomea huko na kujifunza kazi, kisha akarudi pwani hii kuwa mwalimu na mchungaji. Mwaka wa 1885 alifuatana na Askofu Hannington katika ile safari ya Uganda ambayo askofu hakurudi, na Jones ndiye aliyewarejesha Rabai walionusurika. Katika miaka yake hapa, watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakifika usiku na mchana, nao walipokewa. Wenye mashamba wa Mombasa, Waarabu na Waswahili, walighadhibika mno, hata ikahofiwa kwamba Rabai na Freretown kule Kisauni zingeshambuliwa. Mwisho ikaingilia kati Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Siku ya kwanza ya Januari 1889 George Mackenzie aliwagawia watoro takriban 1,400 hati za uhuru papa hapa Rabai. Mabwana zao wakalipwa fidia.

"Na wao je?" akauliza mmoja. "Wao walilipwa nini?"

Walipata karatasi, nikamwambia. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka wa 1907.

Tulianza kuteremka yapata saa tatu na nusu, kusi likitupiga usoni. Hapa sharti niseme neno juu ya mvulana mmoja ambaye shuleni anajulikana kwa kuchelewa na kwa insha zake fupi. Nyumbani kwao ni Rabai. Sikulijua hilo, katika rejista ameandikwa mkazi wa Miritini, na ndivyo alivyo, maana baba yake huko ndiko anakofanya kazi. Hatujavuka hata vihame vitatu, mtoto yule akawa ametangulia mbele. Kila tulipofika njia panda alisalimiana na wazee kwa Kirabai, akawauliza njia, akatufasiria. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mahindi alimtambua kwa sura ya nyanya yake, akatutilia machungwa kwenye mfuko.

Mimi, ambaye pia nafundisha Kiswahili, nikapata fursa ya somo ambalo sikulipanga. Alitwambia kwamba msitu ule juu yetu ni kaya ya Mudzi Muvya. Nikawaambia wanafunzi wasikilize vyema: mudzi ni mji, muvya ni mpya. Madzi ni maji. Tsano ni tano. Na jina la Mijikenda, makabila tisa, limehifadhi neno kenda ambalo Kiswahili chetu kilikuwa nalo kabla hakijalipokea tisa la Kiarabu. Kwa nusu saa nzima hawakuacha kumuuliza mwenzao maneno, naye akijibu bila kujigamba. Misitu ya kaya, pamoja na hii ya Rabai, iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2008. Wanafunzi wangu waliweza kunitajia piramidi za Misri, na mmoja akautaja ukuta wa China.

Upande wetu wa kushoto lilikuwa bonde la mto Kombeni, ambao humwaga maji yake katika kihori. Mwenzangu wa Jiografia aliokota donge la udongo mwekundu kutoka shamba lililolimwa kwenye mteremko bila hata tuta moja la kuzuia maji, akawauliza donge hilo litakuwa wapi mvua ya masika ikinyesha. Akawasimulia jinsi mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivyoshusha matope katika vihori vya Mombasa, hasa kule Mwache, hata mikoko ikakauka imesimama kwa kufukiwa mizizi.

Tuliketi chini ya mwembe kula machungwa. Ndipo mvulana mwingine, wa ukoo wa Jomvu, aliyekuwa kimya tangu kanisani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwa hivyo waliokuwa wakiwafukuza watu wale ni babu zetu sisi?"

Wote walisikia. Yule wa Rabai alitazama chini.

Walimu wenzangu, sijui ninyi mngejibu vipi. Wajomvu ni mojawapo ya zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, na baadhi ya watu wa mji huo walikuwa na watumwa. Kukanusha kungekuwa uongo. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba watu hao hao wa pwani walifanya biashara na watu wa vilima kwa karne nyingi, nguo kwa pembe na sandarusi na nafaka, kwa mapatano yaliyoheshimiwa pande zote. Na nikaongeza jambo ambalo halisemwi sana: kwamba miaka ya njaa kali Wamijikenda wenyewe waliwaweka watoto wao rehani pwani ili wapate chakula, na wako ambao hawakukombolewa tena. Mambo hayo hayagawanyiki mapande mawili safi kama tunavyoyagawa ubaoni. Yule mvulana wa Rabai akamenya chungwa, akampa mwenzake nusu. Hakusema kitu, nami niliona afadhali nisiseme zaidi.

Kutoka hapo njia ilikuwa tambarare na haikuwa na uzuri mwingi. Tulikaribia Miritini, tukasikia honi za malori ya Barabara Kuu ya Nairobi, tukaiona reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017, na kuta. Kuta ndizo zilizonikera. Mara mbili tulifuata kijia ambacho wenyeji walituambia kimekwenda majini tangu enzi za babu zao, na mara mbili tukakuta ukuta wa matofali na bawabu. Wa kwanza alitufukuza. Wa pili, mtu mzima mwenye haya, alituambia: "Mwalimu, hata mimi nilikuwa nikipita hapa kwenda kuvua." Tukazunguka zaidi ya nusu saa. Mwenye ploti ana hati yake, nami sina ugomvi na hati. Lakini pwani ambayo watu wake hawawezi kuifikia bila kuomba ruhusa, hiyo ni pwani ya nani? Jambo hili wakazi wa Likoni na Kisauni wanalifahamu kuliko mimi.

Tulifika Jomvu Kuu saa tisa alasiri, maji yakiwa yamekupwa. Mashua mbili zililala ubavu kwenye tope. Watoto wa kijiji walikuja kututazama, wazee wakatukaribisha kwenye baraza, na yule mvulana wa Jomvu sasa akawa ndiye mwenyeji, akiamkia "shikamoo" mlango kwa mlango. Mwenzangu aliwaonyesha miti: huu mkoko, ule wenye mizizi kama misumari iliyochomoza ni mchu, na ule wa mbele kabisa majini ni mlilana.

Yule msichana wa swali hakuwa akiitazama miti. Alisimama mahali mashua zinapofungwa, akageuka kuangalia vilima vya Rabai, ambavyo kutoka hapa huonekana kama mstari wa buluu, kisha akatazama nyumba zilizo karibu, baraza na watu. Akasema, "Hapa wasingepita."

Nikamuuliza kwa nini.

"Hapa ni bandarini. Krapf angeshuka hapa, ana mashua na mtu wa kumpokea. Mtoro angeonekana." Akanyosha kidole kwenye giza la mikoko, upande ambao hakuna nyumba. "Wangepita kule ndani, maji yakiwa kama hivi sasa, tena usiku. Na wakitoka huko wasingefuata njia tuliyokuja nayo sisi. Sisi tumepita kwa watu."

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alimtazama kwa muda. "Tope la kule humfika mtu mapajani, mwanangu," akamwambia. "Mwenye mtoto mgongoni angepata shida."

Msichana alitoa daftari, akaandika hilo.

Tulirudi Changamwe kwa matatu jioni, viatu vimejaa tope, wawili wana malengelenge. Gharama yote ilikuwa nauli tu, kwa kuwa machungwa tulipewa. Jumatatu shule ilipofunguliwa kulikuwa na ujumbe mezani kwangu kutoka kwa wanafunzi wale 11, na majina mengine tisa chini yake. Wanataka likizo ya Desemba tuianze safari Jomvu, tupande kwenda juu. Nimewajibu kwamba Desemba kuna joto. Wamesema basi tuondoke saa kumi za alfajiri, kungali giza, na tupite pembeni mwa mikoko wala si barabarani. Barua ya kuwaombea ruhusa wazazi nimekwisha kuiandika, ila bado sijapata namna ya kuwaeleza habari ya tope.