Diski Inayokosea Ikiwa Baridi

Mashine ikiwashwa asubuhi inagoma kusoma faili. Nusu saa baadaye faili ileile inafunguka bila shida. Wanaotunza kompyuta za IBM PC XT, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1983, wanaufahamu vizuri ugonjwa huu wa kuja na kuondoka.

Mara nyingi chanzo ni joto. Diski ya XT ilibeba megabaiti 10 tu, na sahani zake zilizunguka mara 3,600 kwa dakika. Vichwa vya kusomea vilisogezwa na mota ya hatua, ambayo hupiga hatua ilizoamriwa na kusimama, pasipo kuhakiki kama imefika mahali penyewe. Chuma hutanuka kikipata moto na kunywea kikipoa. Hivyo data iliyoandikwa wakati wa joto huenda isikae sawasawa chini ya kichwa wakati wa baridi.

Hata hivyo, fundi mwangalifu haanzi kwa kuilaumu diski. Kwanza, na hili ni muhimu kuliko yote, hunakili data inayosomeka. Kisha huchomoa na kuchomeka upya kebo mbili, ya amri yenye pini 34 na ya data yenye pini 20, husafisha miguso yake, na kupima umeme wa volti 5 na 12.

Kosa likibaki, huiacha mashine ipate joto lake la kawaida, ndipo huifomati kuanzia ngazi ya chini kabisa, ili alama za sekta ziandikwe upya pale vichwa vinaposimama sasa. Fomati ya kawaida ya DOS haizigusi alama hizo.